Fedha za Utafiti na Safari ya Kurudi: Funzo la Tabora

Mijadala kuhusu ruzuku za utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya uzamivu wanaokwenda nje ya nchi huishia kwenye hesabu: nafasi ni ngapi, fedha ni kiasi gani, nani kapata na nani kakosa. Hesabu hiyo ina uzito wake, maana bila fedha hakuna tiketi, hakuna chumba, wala muda wa kukaa maktabani. Lakini Tabora imechunguzwa kwa fedha za mbali kwa zaidi ya miaka 160, na historia yake inatudai swali zito zaidi: fedha hiyo inalipia safari mpaka wapi? Ukifuatilia njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo hadi Unyanyembe, nchi ya Tabora, na kuendelea mpaka Ujiji, utakuta kwamba ruzuku nyingi zililipia kwenda na kukusanya, zikalipia na kumpelekea mtoa fedha kilichokusanywa, kisha zikakoma. Hoja ya makala haya ni kwamba ruzuku ya kwenda nje isipimwe kwa ukubwa wake wala kwa sifa za chuo kinachompokea mwanafunzi. Ipimwe kwa sehemu iliyotengwa ili maarifa yawarudie watu ambao yamechotwa kwao.

Watu wa Unyamwezi walikuwa na kipimo cha namna hiyo kabla mpelelezi yeyote wa Ulaya hajafika kwao. Mwanzoni mwa karne ya 19 misafara yao ilikwisha kuanza kushuka pwani na pembe za ndovu, na wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili walipopanda bara kwa wingi walifuata njia ambazo wapagazi hao walikuwa wamezizoea. Kwenda pwani kukawa desturi ya ujana, na Richard Burton mwenyewe aliandika kwamba upagazi ulikuwa kipimo cha uanaume huko. Mpagazi alilipwa kwa vitambaa vya merikani na kaniki, shanga au waya, na mali hiyo ilirudi Unyamwezi ikawa ng'ombe, majembe, mahari, na kwa wenye uwezo hata watumwa wa kulima mashamba. Haikuwa biashara safi, na hatuna sababu ya kuipamba. Hata hivyo Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa Afrika Mashariki, ameonyesha kwamba walikuwa wafanyakazi wenye ujuzi na taratibu zao, waliojua kudai ujira na kugoma walipodhulumiwa. Kijana aliyekwenda pwani alipimwa kwa alichorudi nacho, na ujuzi wake wa njia, visima na lugha za watu ulibaki kuwa mtaji wa kwao.

Mwaka 1857 ilikuja safari ya aina nyingine. Burton na John Hanning Speke waliondoka Zanzibar wakiwa na pauni 1,000 zilizotolewa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza kupitia Shirika la Kifalme la Jiografia la London, na tarehe 7 Novemba wakaingia Kazeh, makazi ya Waarabu ambayo ndiyo chimbuko la Tabora ya leo. Hapo walipokewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara aliyeijua nchi ya bara kuliko mtu yeyote waliyekutana naye. Aliwapa makazi, akawaeleza habari za falme za kaskazini na magharibi, akamsaidia Burton kukusanya msamiati, na akawaambia kuwa upande wa kaskazini kulikuwa na ziwa kubwa kuliko lile la Ujiji. Speke alilifuata ziwa hilo, akaliona tarehe 3 Agosti 1858. Burton alipewa nishani ya dhahabu ya Shirika mwaka 1859, na kitabu chake kikatoka mwaka uliofuata. Kwa upande wa pili, safari ilipokwisha watu kadhaa wa msafara hawakulipwa walichokitarajia, mpaka Rigby, balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, akaandika kulalamika kwa wakubwa wake. Burton hakuficha jina la Snay bin Amir wala msaada wake, alimsifu waziwazi. Kasoro haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa katika mkataba wenyewe, uliogharimia kila hatua ya kuyapeleka maarifa London bila kutenga chochote kwa ajili ya Kazeh.

Tukio la mwaka 1874 linaonyesha jambo hilo kwa uchungu zaidi. David Livingstone alikuwa amekaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kwa miezi kadhaa ya mwaka 1872 akisubiri watu na mahitaji, na baada ya kifo chake mwaka 1873 watu wake waliubeba mwili pamoja na karatasi zake kuelekea pwani. Walipofika Unyanyembe walikutana na msafara wa Mwingereza Verney Lovett Cameron, ambaye aliwashauri wamzike hapo hapo. Walikataa, wakaendelea mpaka Bagamoyo. Mwaka uliofuata James Young, tajiri wa Uskoti na rafiki wa Livingstone, aliwalipia nauli Abdullah Susi na James Chuma, wawili kati ya watu hao, waende Uingereza, na huko wakafanya kazi na Horace Waller aliyekuwa akihariri shajara za mwisho za marehemu. Wao ndio walioeleza siku za mwisho, zile ambazo mgonjwa mwenyewe hakuweza kuziandika. Kwa kila kigezo cha leo huo ulikuwa ufadhili wa utafiti: watu wawili wa Afrika Mashariki wamegharimiwa kwenda nje kutoa maarifa ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Lakini kitabu kilipotoka, jina lililosimama kama mhariri ni la Waller, na jalada la ndani likawataja Chuma na Susi kuwa watumishi waaminifu. Shirika la Jiografia liliagiza nishani 60 za fedha kwa ajili ya watu wa msafara ule. Nyingi zilifika wenyewe wakiwa wametawanyika. Nauli ililipwa, shukrani zikatolewa, ila nafasi ya kuandika historia hiyo kwa mkono wao na kwa lugha yao haikuwamo katika ufadhili.

Mfuatano huo ndio uliozaa hali inayomkabili mwanafunzi wa historia ya Tabora leo. Wamisionari wa Afrika, waliofika Unyanyembe mwishoni mwa miaka ya 1870, waliagizwa kuandika shajara katika kila kituo, na hifadhi yao kuu iko Roma. Barua za Ebenezer Southon, daktari wa misheni ya London aliyefika Urambo kwa mtemi Mirambo mwaka 1879, zimo katika kumbukumbu za misheni hiyo zilizohifadhiwa London. Karatasi za mpelelezi Stanley, aliyepigana upande wa Waarabu wa Tabora dhidi ya Mirambo mwaka 1871, ziko Tervuren, Ubelgiji. Nyaraka za utawala wa Wajerumani zimegawanyika kati ya Dar es Salaam na Berlin. Hata wasifu wa Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi Ituru karibu na Tabora, ulichapishwa kwanza Berlin na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, ingawa mwenyewe aliusimulia kwa Kiswahili. Kwa hiyo anayesema kwamba ruzuku za kwenda nje ni anasa, na kwamba mwanafunzi wa Kitanzania asome nyumbani tu, hajautazama ukweli huu. Mtu wa Urambo anayetaka kumwandika Mirambo kwa ukamilifu hana budi kupanda ndege. Kumnyima nauli ni kumfungia nje ya historia yake mwenyewe.

Enzi ya ukoloni iliendeleza utaratibu ule ule kwa vyombo vipya. Shule ya Serikali ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925 na kulenga kwanza watoto wa machifu, ilimlea Julius Nyerere, ambaye baada ya Makerere alirudi Tabora kufundisha St. Mary's, kisha akaenda Edinburgh mwaka 1949 kwa ufadhili wa serikali na kupata shahada yake mwaka 1952. Huo ulikuwa mlango mwembamba, wa shahada za kawaida. Utafiti wa juu kuhusu Unyamwezi ulikuwa kazi ya wageni. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Raphael Abrahams aliishi miongoni mwa Wanyamwezi akichunguza utawala wao, na kitabu chake kuhusu muundo wa kisiasa wa Unyamwezi kikatoka mwaka 1967. Ni kazi ya uangalifu mkubwa. Lakini serikali ya Tanganyika huru ilikuwa imekwisha kuufuta utawala wa machifu mwaka 1963. Watu waliojibu maswali ya Abrahams walipokea matokeo, kama waliyapokea kabisa, miaka minne baada ya uamuzi uliowagusa moja kwa moja, tena kwa Kiingereza cha kitaaluma.

Miaka ya baada ya uhuru ilithibitisha kwamba inawezekana kufanya vingine. Isaria Kimambo alikwenda Marekani na kupata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Northwestern mwaka 1967, lakini alichokitafiti kilikuwa historia ya Wapare, kwa masimulizi aliyoyakusanya Upareni. Kitabu chake kilitoka mwaka 1969, mwaka ule ule ambao yeye na Arnold Temu walihariri historia ya Tanzania iliyoingia madarasani. Safari yake ya ng'ambo ilikuwa kipande cha njia ndefu zaidi iliyorudi Dar es Salaam. Kuhusu Tabora yenyewe, kazi iliyobadilisha mtazamo ilitoka upande ambao wengi hawautazamii. Alfred Unomah, Mnigeria, aliwasilisha mwaka 1972 katika Chuo Kikuu cha Ibadan tasnifu juu ya uchumi na siasa za Unyanyembe kati ya miaka ya 1840 na 1900. Aliwaweka Wanyamwezi wenyewe katikati ya biashara, wakiwamo matajiri wao wa misafara, badala ya kuandika historia ya Waarabu na wapelelezi waliopita. Kwamba kazi hiyo ilitoka Ibadan ni ushahidi kuwa neno nje halimaanishi Ulaya tu. Hata hivyo nayo ni tasnifu ya Kiingereza ya chuo kilicho upande wa pili wa bara, na mwalimu wa historia wa Tabora hana njia rahisi ya kuifikia.

Wapo watakaosema kwamba anayelipa ndiye anayeweka masharti, na mwombaji hana la kujadili. Historia ya njia ya misafara inajibu kwa pande mbili. Mnywa Sele, mtemi wa Unyanyembe, alipojaribu kuwatoza kodi wafanyabiashara wa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1850, waliinuka dhidi yake, wakamweka Mkasiwa mahali pake, na Mnywa Sele akauawa mwaka 1865. Watemi wa Ugogo walitoza ushuru wa njia kwa miongo mingi na misafara ikalipa. Tofauti haikuwa ya ujasiri. Ugogo ni nchi kavu, na msafara haukuweza kupita bila maji na chakula cha wenyeji. Watemi wale walikuwa na kitu ambacho msafiri hakuweza kukikosa. Mnywa Sele aliwatoza watu waliokuwa wamekwisha kujenga, kujaza ghala na kupata washirika ndani ya nchi yake. Sisi nasi tunacho kisichokosekana: lugha, masimulizi, maeneo yenyewe, na kibali cha utafiti kinachotolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1986. Sharti linalowekwa mapema, kabla utafiti haujaanza, husikilizwa. Linalodaiwa baada ya tasnifu kukabidhiwa halina nguvu.

Pingamizi lingine ni la heshima zaidi, na linastahili kujibiwa kwa heshima: elimu haina mipaka, na kama si fedha za nje tusingekuwa na Abrahams, wala Unomah, wala Rockel. Ni kweli kabisa. Lakini pingamizi hili linatetea kitu ambacho hakijashambuliwa. Uraia wa mtafiti na anwani ya benki ya mfadhili si tatizo. Elimu isiyo na mipaka ni ile inayoweza kufika kila mahali, pamoja na mahali ilipotoka. Inayosomeka Toronto na isisomeke Tabora tayari imewekewa mpaka. Tena taaluma yenyewe hunufaika inaporudi. Msomaji wa Kwihara au Urambo anaweza kusahihisha jina la ukoo, mahali pa boma au maana ya desturi ambayo jopo la watahini wa London halina uwezo wa kuihoji.

Kuna mifano ya kujenga juu yake. Tangu miaka ya 1970 ushirikiano wa Uswidi na vyuo vya Tanzania umewapa wanafunzi wengi wa uzamivu nafasi ya kugawa muda wao kati ya Uswidi na nyumbani, na kwa kawaida aliyesoma kwa mpango huo alibaki mwajiriwa na mwanajumuiya wa chuo chake. Huo ni mwanzo mzuri wa kuirudisha safari katika hesabu. Kinachobaki ni kuirudisha mpaka mwisho wake. Kila ruzuku ya kwenda nje iwe na fungu, hata dogo, lenye kazi tatu zinazokaguliwa kama tiketi inavyokaguliwa: nakala za nyaraka zilizopigwa picha Roma, Berlin au London ziwekwe katika maktaba ya umma ya mkoa unaohusika, tasnifu iambatane na muhtasari kamili wa Kiswahili, na matokeo yasomwe mbele ya watu waliohojiwa, nao waandikwe kwa majina wanapokubali. Mwanafunzi aombapo fedha aziandike gharama hizo yeye mwenyewe kwenye bajeti, na msimamizi wake asitie sahihi zikikosekana. Gharama ya mambo hayo ni ndogo ikilinganishwa na nauli na ada za mwaka mmoja, na mfadhili atakayeyakataa atakuwa ametueleza mapema ni utafiti wa nani anaoulipia.