Siku Mtoro Alipoacha Kukimbia

Usiku wa Jumanne, tarehe 29 Agosti, mwaka wa 1967, watu wapatao milioni 78 katika nchi ya Marekani waliketi mbele ya televisheni zao kutazama mchezo mmoja. Kati ya kila televisheni 100 zilizokuwa zimewashwa saa ile, 72 zilionyesha mchezo huo huo. Hapakuwa na vita vilivyotangazwa siku hiyo, wala rais aliyefariki, wala mtu aliyetua mwezini. Watu walitaka kujua habari za daktari mmoja ambaye hakupata kuishi duniani: je, atakamatwa na kuuawa, au itabainika kwamba hana hatia?

Historia tunayoisoma shuleni hutueleza habari za wafalme, mikataba na mapigano. Walakini usiku ule nao una mahali pake katika historia, kwa kuwa ulidhihirisha jambo ambalo watunzi wa michezo ya mfululizo walikuwa hawajalifahamu vema. Mtu akiifuata hadithi kwa miaka mingi, huanza kujiona ana haki ndani yake. Mwisho ukaribiapo, yeye si mtazamaji tu tena. Ni mdai, na anataka kulipwa.

Kungoja mwisho kwa hamu hakukuletwa na televisheni. Mwalimu yeyote aliyepata kuwasomea wanafunzi hadithi kwa sauti analijua jambo hili. Kengele ikilia kabla hadithi haijaisha, hata yule mwanafunzi achukiaye vitabu husimama mlangoni akauliza yaliyompata shujaa. Nami nilipokuwa katika chuo cha ualimu nilionja uchungu wenyewe. Tulikuwa tumefuata mchezo mmoja wa televisheni kwa muda mrefu, na jioni ya mwisho wake ukumbi ulijaa hata wengine wakakaa sakafuni. Ilipobaki robo saa, umeme ukakatika. Kesho yake mwenzetu aliyekuwa amelala mjini akatusimulia jinsi mambo yalivyokwisha. Tulimsikiliza mpaka mwisho, kisha tukamwambia kwamba anasema uongo, kwa maana hivyo sivyo tulivyokuwa tumeyapanga sisi.

Wasomaji wa Uingereza walifanya vivyo hivyo zamani. Katika mwaka wa 1893 mtunzi Arthur Conan Doyle, akiwa amemchoka mpelelezi wake mashuhuri Sherlock Holmes, alimwangusha katika maporomoko ya maji ya Reichenbach huko Uswisi. Hadithi hiyo ilitolewa katika gazeti liitwalo Strand, na inasemekana kwamba wasomaji zaidi ya 20,000 waliacha kulinunua. Doyle alidhani Holmes ni mali yake. Wasomaji walidhani ni mali yao. Shindano hilo lilikwisha kwa ushindi wao. Mwaka wa 1901 Doyle alianza kutoa hadithi nyingine ya Holmes, akieleza kuwa mambo yake yalitukia kabla ya kifo kile, na mwaka wa 1903 akakiri katika hadithi mpya kwamba mpelelezi hakufa kabisa.

Basi na turudi Marekani. Wakati ule, yaani baina ya mwaka wa 1950 na 1967, michezo mingi ya mfululizo iliyoonyeshwa huko jioni haikuwa na mwisho hata kidogo. Kila sehemu ilijitegemea. Mchezo ukipungukiwa na watazamaji ulisimamishwa kimya kimya, na wahusika wakabaki pale pale walipokuwa wiki iliyopita, kama abiria walioachwa kituoni. Sababu yake ilikuwa biashara. Sehemu za mchezo zilipokwisha kuonyeshwa mara ya kwanza, ziliuzwa kwa vituo vidogo vya televisheni, navyo vilizirudia kwa utaratibu wowote vilivyopenda. Nani atakayenunua fumbo ambalo nchi nzima imekwisha kupewa jawabu lake? Kwa wafanyabiashara hao mwisho ulikuwa hasara.

Mchezo wetu uliitwa The Fugitive, maana yake Mtoro. (Huyu si mtoro wa shule, mnayemfahamu sana!) Mtunzi wake alikuwa Roy Huggins, na kampuni ya ABC ilianza kuuonyesha mwezi wa Septemba, mwaka wa 1963. Daktari wa watoto, Richard Kimble, anarudi nyumbani usiku na kumwona mtu mwenye mkono mmoja akikimbia. Ndani anamkuta mkewe amekufa. Mahakama haimsadiki. Anahukumiwa kufa, lakini gari la moshi linalompeleka huko linaanguka, naye anatoroka. Tangu siku hiyo anamtafuta mtu wa mkono mmoja, huku afisa wa polisi aitwaye Gerard akimtafuta yeye.

Mchezo huo ulikuwa na sehemu 120. Katika nyingi za hizo Kimble huingia mji mgeni kwa jina la uongo, akafanya kazi ya mikono, akamsaidia mtu mwenye shida, kisha akatambuliwa na kukimbia tena. Mwigizaji wake, David Janssen, alionekana karibu katika kila tukio kwa miaka minne, mpaka akachoka kabisa. Ilipoamuliwa kwamba mchezo ukome, wako waliosema kwamba usimamishwe tu kama mingine. Wengine walisema kwamba watu waliomfuata mtoro kwa miaka minne hawawezi kuachwa njiani. Hatimaye hawa walishinda. Zikatengenezwa sehemu mbili za mwisho, na watazamaji wakangojeshwa mpaka mwezi wa Agosti.

Hebu sasa mjiweke mahali pa watunzi wa sehemu hizo mbili, kwani hapa ndipo penye ugumu wenyewe. Tangu siku ya kwanza watazamaji waliambiwa kwamba mwuaji ni mtu wa mkono mmoja. Ikiwa ndiye, watasema, "Tulijua; mmetungojesha bure." Ikiwa siye, watasema, "Mmetudanganya miaka minne." Mtazamaji hutaka apate alichokitazamia, na papo hapo hutaka kushangazwa. Nani awezaye kumpa mtu vyote viwili?

Watunzi waliipata njia nyembamba. Mwuaji alikuwa yule yule wa mkono mmoja, kama ilivyosemwa tangu mwanzo. Lakini palikuwa na mtu wa pili nyumbani usiku ule: jirani, tena rafiki wa Kimble, mtu aliyesifiwa kwa ushujaa wake vitani. Aliyaona mauaji kwa macho yake. Hofu ilimshika asiweze kuinua hata mkono, na baadaye aibu ikamfunga kinywa, akamwacha rafiki yake ahukumiwe kufa kuliko kukiri kwamba aliogopa. Kwa maoni yangu hili ndilo lililouokoa mwisho ule. Swali la nani aliyeua lilijibiwa kama watu walivyotazamia. Swali ambalo hawakuwahi kuliuliza, la nani aliyejua akanyamaza, ndilo lililowashtua.

Mapambano yenyewe yalifanyika katika bustani ya starehe, juu ya mnara mrefu. Mwuaji alipanda kukimbia, Kimble akamfuata, wakapigana huko juu. Mwuaji alikwisha kukiri, naye alikuwa tayari kumwua Kimble, ndipo Gerard alipompiga risasi kutoka chini, akaanguka na kufa. Angalieni ni nani aliyefyatua bunduki. Mikono ya daktari haikumwaga damu, ingawa alikuwa na sababu nyingi. Yule aliyemwinda mtu asiye na hatia kwa miaka minne ndiye aliyemwokoa, na kwa risasi ile alilipa sehemu ya deni lake. Jirani naye alikubali kutoa ushahidi.

Kisha likaja tukio dogo nilipendalo kuliko mnara na bunduki. Kimble anatoka mahakamani akiwa mtu huru, pamoja na mwanamke aliyemsaidia. Gerard anampa mkono. Gari la polisi linakuja na kusimama karibu nao, na Kimble anashtuka. Hana hatia tena, hatafutwi na mtu, lakini mwili wake haujapata habari hizo. Watazamaji walilipwa furaha waliyoidai, ila juu yake waliongezewa ukweli huu, kwamba miaka minne ya kukimbia haifutwi kwa karatasi ya hakimu.

Idadi ile ya watazamaji haikupitwa na mchezo mwingine wa mfululizo wa kila wiki mpaka mwezi wa Novemba, mwaka wa 1980, Wamarekani walipotaka kujua ni nani aliyempiga risasi tajiri J. R. Ewing katika mchezo uitwao Dallas. Hapo tena lilikuwa fumbo la mhalifu. Lakini msidhani kwamba watu hungoja mwisho kwa ajili ya fumbo tu.

Mchezo uitwao M*A*S*H ulianza mwaka wa 1972 katika kampuni ya CBS. Ulihusu waganga na wauguzi wa jeshi la Marekani katika hospitali ya mahema wakati wa vita vya Korea. Vita hivyo vilianza mwaka wa 1950 na mapigano yakasimama mwaka wa 1953, lakini mchezo ulichukua zaidi ya miaka kumi kuvisimulia. Mwisho wake haukuwa na siri yoyote, kwani mtoto wa shule angeweza kuusoma katika kitabu cha historia: mapigano yatakoma, watu watarudi makwao. Hata hivyo tarehe 28 Februari, mwaka wa 1983, watu karibu milioni 106 waliutazama. Hakuna mchezo wa kutungwa wa Marekani ambao sehemu yake moja imewahi kutazamwa na watu wengi hivyo.

Walitazamia nini, ikiwa walijua yote? Walitaka kuagwa. Katika mchezo ule walikuwako marafiki wawili, na mmoja wao hakuweza kulitamka neno la kwaheri. Mwenzake alipopaa kwa helikopta alitazama chini akaliona neno hilo limeandikwa ardhini kwa mawe. Lakini watunzi hawakuishia kwenye machozi matamu. Mpasuaji Hawkeye Pierce, ambaye mizaha yake ilikuwa imewachekesha watu miaka yote hiyo, tunamkuta katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Anakumbuka safari ya basi, adui yu karibu, naye anamkemea mwanamke mmoja amnyamazishe kuku wake. Polepole kumbukumbu inafunguka. Hakuwa kuku. Alikuwa mtoto mchanga, na mama yake alimziba pumzi mpaka akafa. Watu waliokuja kuaga kicheko walionyeshwa kicheko kilikuwa kinaficha nini. Hawakulitazamia jambo hilo, wala sijui kama walilitaka, lakini lilikuwa limo katika vita vile tangu siku ya kwanza.

Si kila mwisho uliopokewa vizuri. Mchezo wa The Sopranos, tarehe 10 Juni, mwaka wa 2007, ulikatika ghafula familia ikiwa mezani, kioo kikawa cheusi. Watazamaji wengi walidhani televisheni zao zimeharibika. Nao mchezo wa Game of Thrones, ulioonyeshwa na HBO tangu mwaka wa 2011, ulikuta matata ya namna nyingine. Ulitokana na vitabu vya George R. R. Martin, na mchezo ulivipita vitabu kabla mwenyewe hajavimaliza. Waliouandaa ikawapasa kuufikia mwisho wenyewe. Miaka ya mwanzo ilikuwa na sehemu kumi kila mmoja. Mwaka wa mwisho ulikuwa na sita tu. Katika sita hizo malkia ambaye watu walimpenda kwa kuwakomboa watumwa aliuteketeza mji mzima kwa moto, ingawa mji ulikuwa umekwisha kusalimu amri.

Watu zaidi ya milioni moja walitia majina yao katika ombi kwamba sehemu hizo zitengenezwe upya na watunzi wengine. Wako waliowacheka, wakasema kwamba hawa ni watoto waliokosa peremende. Mimi siwezi kuwacheka. Mchezo ule ulianza kuwaua wahusika waliopendwa tangu mwaka wake wa kwanza, na watazamaji hawakuondoka. Kwa hiyo si huzuni iliyowakasirisha wengi. Walilalamikia njia, kwamba malkia alifikishwa kwenye ukatili ule kwa haraka, bila kuonyeshwa hatua zote. Lakini nao waliokosea ni wale waliodhani kwamba deni la mtunzi ni kuwapendeza. Anadaiwa kuutimiza mwanzo alioutoa mwenyewe, hata ukiwa mchungu. Hadaiwi kufuata mpango ambao kila mmoja ameupanga kichwani mwake, kama sisi tulivyofanya pale chuoni.

Wasimulizi wa pwani yetu walikuwa na desturi ya kumaliza ngano kwa kusema kwamba ikiwa ni njema, wema wake ni wa wote, na ikiwa ni mbaya, ubaya wake ni wa msimulizi peke yake. Msimulizi aliyasema hayo akiwa ameketi mkekani, mbele ya watu wale wale watakaokuja tena kesho usiku, nao wangeweza kumwambia usoni kwamba ameiharibu. Watengenezaji wa mchezo wa televisheni hawako mkekani. Baada ya tarehe 19 Mei, mwaka wa 2019, waigizaji walikwisha kutawanyika, na HBO haikuutengeneza upya mwisho wa Game of Thrones. Sehemu zile sita zipo vile vile zilivyoonyeshwa, na majina zaidi ya milioni moja yamebaki chini ya ombi.