Malaria Tororo: kwa nini vimelea hukaa zaidi katika damu ya wanaume

Nagongera ni mji mdogo wilayani Tororo, mashariki mwa Uganda, si mbali na vituo vya mpakani vya Malaba na Busia. Kwa miaka mingi eneo hilo lilihesabiwa miongoni mwa yaliyoathiriwa zaidi na malaria.

Tafiti nyingi barani Afrika na kwingineko zimekuta vimelea vya ugonjwa huo katika damu ya wanaume mara nyingi kuliko ya wanawake. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba mwanamume hukaa nje hadi usiku na husafiri zaidi, basi mbu humpata kwa urahisi. Maelezo hayo yana mantiki, ila yalihitaji kupimwa.

Kuanzia 2017 hadi 2019, watafiti wa Uganda na Marekani waliwafuatilia watu zaidi ya 400 wa Nagongera, watoto kwa watu wazima, wakiwapima damu kila baada ya wiki 4. Kwa kusoma vinasaba vya vimelea waliweza kutenganisha maambukizi mapya na yale yaliyokuwamo mwilini tangu awali. Matokeo, yaliyochapishwa 2020 katika jarida la eLife, hayakuonyesha kwamba wanaume huambukizwa zaidi. Tofauti ilikuwa katika muda: wanawake waliondoa maambukizi yasiyo na dalili kwa kasi inayokaribia mara 2 ya wanaume, hata baada ya umri na wingi wa vimelea kuzingatiwa.

Wataalamu wa kinga hutaja kromosomu X, yenye jeni nyingi za kinga, ambayo mwanamke anazo 2 na mwanamume 1. Hutaja pia homoni: estrojeni huelekea kuichochea kinga, testosteroni kuipunguza.

Wepesi huo una gharama yake. Magonjwa ambayo kinga huushambulia mwili wenyewe, kama lupasi, huwapata zaidi wanawake. Aidha, mimba hubadili hesabu yote, kwani vimelea hujificha katika kondo la nyuma, hasa katika mimba ya kwanza. Ndiyo maana majaribio ya dawa za kinga kwa wajawazito yamefanyika Tororo na Busia.

Mjamzito hupimwa kliniki. Mwanamume asiye na homa haendi huko, na mbu akimuuma huweza kuvibeba vimelea vyake hadi kwa jirani, upande wowote wa mpaka.