Jinsi mwandishi wa kujitegemea anavyojipatia wasomaji mtandaoni

MWANDISHI asiyeajiriwa na gazeti wala kituo cha utangazaji hana wasomaji wa kurithi. Huwatafuta mwenyewe, mmoja baada ya mwingine. Njia iliyowafaa wengi katika miaka ya karibuni ni waraka wa baruapepe, yaani makala yanayotumwa kwa siku maalumu moja kwa moja hadi kwenye kikasha cha kila aliyejisajili.

Orodha ya anwani hizo ndiyo rasilmali yake kuu. Anayetegemea mitandao ya kijamii ni mpangaji tu: mwenye nyumba akibadilisha masharti, wasomaji hutawanyika. Mwenye orodha anaweza kuihamisha kutoka kampuni moja hadi nyingine bila kumpoteza hata mmoja.

Mfano unaotajwa sana ni wa Profesa Heather Cox Richardson, mhadhiri wa historia katika Boston College, Marekani. Mnamo Septemba 15, 2019, akijiandaa kusafiri kutoka nyumbani kwake jimboni Maine, aliumwa na nyigu. Kwa kuwa mwili wake hudhurika vibaya na sumu ya wadudu hao, aliahirisha kuendesha gari, akaketi na kuandika insha kuhusu siasa za Washington katika ukurasa wake wa Facebook. Wasomaji walimiminika na maswali. Akawajibu, akaandika tena, usiku baada ya usiku, kisha akaanza kuwatumia waraka aliouita Letters from an American kupitia jukwaa la Substack. Kufikia Desemba 2020, gazeti la The New York Times lilimtaja kuwa mwandishi binafsi aliyefaulu kuliko wote katika jukwaa hilo.

Nyigu asipewe sifa kupita kiasi. Profesa huyo alikuwa tayari amefundisha historia kwa miaka mingi na kuchapisha vitabu kadhaa; aliyoyaandika usiku mmoja yalitokana na hazina ya usomi wa muda mrefu. Hali kadhalika, waraka wake husomwa bila malipo, hivyo kila msomaji anaweza kumpelekea jirani. Anayelipa hununua hasa nafasi ya kutoa maoni.

Wengine walifaulu kwa kujifungia katika uwanja mwembamba. Bill Bishop alianzisha Sinocism, waraka kuhusu China, mwaka wa 2012, na ilipofika Oktoba 2017 ndipo alipoanza kutoza ada, akiwa mwandishi wa kwanza wa Substack. Ben Thompson, Mmarekani aliyekuwa akiishi Taiwan, alianza Stratechery mwaka wa 2013 kuchambua mikakati ya kampuni za teknolojia, na mwaka uliofuata akawaomba wasomaji walipe. Anayeandika kuhusu kila jambo hushindana na magazeti yote. Anayeandika kuhusu bei ya majani chai au sheria za ardhi hushindana na wachache.

Hesabu ya mapato ni nyepesi, ingawa aghalabu huwavunja moyo wanaoanza. Chukulia watu 2,000 wamejisajili na 5 katika kila 100 wakakubali kulipa dola 5 kwa mwezi. Hao ni walipaji 100, na jumla ni dola 500. Substack hukata asilimia 10, zikabaki dola 450 kabla ya gharama za kupokea malipo kwa kadi. Malipo hayo hupitia kampuni ya Stripe, ilhali msomaji wa Nakuru au Mombasa amezoea kulipa kwa M-Pesa. Ni heri mwandishi wa Kenya atatue suala hilo kabla ya kutangaza bei.

Kishawishi kikubwa ni kujaza orodha kwa anwani zilizookotwa kwenye vyama, mikutano na makundi ya simu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa za mtu binafsi, na anwani ya baruapepe ni mojawapo. Fauka ya hayo, tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zimewabana wanaotuma barua kwa wingi: sharti wathibitishe utambulisho wao, wamwezeshe mpokeaji kujiondoa kwa kubofya mara moja, na wahakikishe malalamiko hayafiki 3 kwa kila barua 1,000. Anayepuuza hayo barua zake huishia katika kikasha cha taka, hata za wale waliojisajili kwa hiari.

Idadi ya waliofungua barua nayo si ya kutegemewa tena. Mnamo 2021 kampuni ya Apple ilianzisha kinga ya faragha ambayo hupakua picha zilizomo katika barua kabla mpokeaji hajaigusa, hivyo barua huonekana imefunguliwa hata kama haijasomwa. Wenye uzoefu sasa hutazama majibu wanayoandikiwa, viungo vilivyobofywa na idadi ya wanaojiondoa kila baada ya toleo.