Kifaru kinachoelea majini: kipuri kidogo, uhai wa watu

Mzee aliyepigana Vita vya Kagera akianza kusimulia, hakosi kulitaja daraja la Kyaka. Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin yalililipua daraja hilo, na Mto Kagera ukawa kizuizi kwa JWTZ. Askari anaweza kuvuka mto kwa mashua, lakini kifaru cha tani zaidi ya 30 hakipandi mashua. Ilibidi wahandisi waweke daraja la muda.

Kwa shida kama hiyo ndipo yalipobuniwa magari ya vita yanayotembea nchi kavu na majini. Leo tunaeleza yanavyofanya kazi, na kwa nini vipuri ndiyo roho yake.

Yanaeleaje?

Chuma kitupu huzama, lakini meli ya chuma huelea kwa sababu ndani ina nafasi kubwa ya hewa. Kifaru cha majini ni vivyo hivyo: bodi yake ni pana na imezibwa isiingize maji. Mfano ni Type 63 ya China, yenye tani 18 hivi. Nchi kavu hutembea kwa minyororo. Majini, pampu mbili hufyonza maji na kuyarusha nyuma kwa nguvu, nacho husonga mbele.

JWTZ inavyo vifaru vya aina hii. Type 63A, toleo lililoboreshwa lenye mzinga wa milimita 105, vilionekana Dar es Salaam kwenye maadhimisho ya miaka 50 ya Muungano mwaka 2014.

Vipuri vinavyoamua

Mzinga ndio unaotazamwa na watu, lakini majini kinachookoa ni vitu vidogo: mipira ya milango, oili sili za shafti, na pampu za kutoa maji yaliyopenya. Mpira hukauka na kupasuka kwa jua na umri. Maji ya chumvi hula chuma na nyaya. Gari likizeeka na kiwanda kikaacha kutengeneza vipuri vyake, mafundi huanza kuchinja gari moja ili kuponya jingine.

Hata nchi tajiri imelipia uzembe huu. Julai 30, 2020, gari la aina ya AAV la askari wa Marine wa Marekani lilizama karibu na kisiwa cha San Clemente, California, likiwa na watu 16. Tisa walikufa. Aina hiyo ilianza kutumika mwaka 1972. Uchunguzi wa jeshi lenyewe ulionyesha kwamba gari lilikuwa katika hali mbaya, oili ya giaboksi ilivuja na maji yakaingia. Mafunzo ya kujiokoa hayakukamilika, na amri ya kutoka ilichelewa. Mwaka uliofuata Marekani iliacha kuyapeleka magari hayo majini katika kazi za kawaida, na mapya yaitwayo ACV yakachukua nafasi.

Na sisi huku?

Wengi wetu Shinyanga na Geita hatutapanda kifaru. Lakini mchimbaji anayeshuka kwenye duara lenye maji anaishi kwa kanuni hiyohiyo: uhai wake uko kwenye pampu iliyo juu. Ikiwa sili imekwisha na mwenye duara anasema "itasukuma hadi Jumamosi," walio chini ndio watakaolipa. Hali ni hiyo pia kwa mwenye mtumbwi wa injini ziwani.

Kwa hiyo kabla ya kushuka au kuondoka, washa pampu uione ikitoa maji. Kagua mipira na sili. Kuwa na kipuri cha akiba. Na maji yakianza kupanda, toka kwanza, uulize baadaye. Wale tisa hawakuuawa na adui. Waliuawa na matengenezo yaliyoahirishwa na amri iliyochelewa.