Mzee wa Miaka 24

Filamu ya Young Guns ilitoka mwaka 1988 ikiwa imejaa nyota wachanga wa Hollywood: Emilio Estevez, Kiefer Sutherland, Lou Diamond Phillips, Charlie Sheen. Kuna farasi, muziki wa roki na risasi zisizokwisha. Lakini kinachoibeba hadithi ni mzee mmoja mpole, John Tunstall, mfugaji Mwingereza anayewaokota vijana wasio na kwao, akawafundisha kusoma na kukaa mezani kwa adabu. Anapouawa, wanalipiza kisasi kama wanawe.

Terence Stamp, aliyemwigiza, alikuwa akikaribia miaka 50. Tunstall wa kweli aliuawa New Mexico tarehe 18 Februari 1878 akiwa na miaka 24. Dick Brewer, msimamizi wa ranchi yake, alimzidi umri.

Tofauti hii si ndogo. Katika mji wa Lincoln, duka la Lawrence Murphy na James Dolan lilishika kila kitu. Wakulima walikopa humo, na kandarasi za serikali za kulisha nyama wanajeshi wa Fort Stanton na Waapache wa Mescalero zilipitia humo. Tunstall, pamoja na wakili Alexander McSween, alifungua duka la kushindana nalo. Aliwaandikia jamaa zake London kwamba alinuia kupata nusu ya kila dola itakayopatikana katika wilaya ile. Hakwenda kulea yatima; alikwenda kutajirika.

Tazama basi nani alilipa. Kwenye filamu, Billy the Kid anampiga Murphy risasi. Kwa kweli Murphy alikufa kwa maradhi mwaka huohuo wa 1878, na baadaye Dolan akaja kumiliki mali za Tunstall. Billy alitoa ushahidi mahakamani baada ya Gavana Lew Wallace kumwahidi msamaha. Msamaha haukuja. Mwaka 1881 alihukumiwa kifo kwa mauaji ya Sherifu William Brady, akatoroka, na tarehe 14 Julai Pat Garrett akampiga risasi. Alikuwa na miaka kama 21.

Filamu ilipompa Tunstall mvi, iliwapa vijana sababu safi ya kuua. Ugomvi wa wenye maduka huhitaji watu wa kuufia, na kijana akishaambiwa kwamba anampigania baba, haulizi tena duka litabaki kwa nani.