Kura Moja ya Chake Chake: Televisheni na Filamu za Historia Mbadala Kisiwani Pemba

Katika uchaguzi wa Januari 1961, Zanzibar ikiwa bado chini ya Waingereza, jimbo la Chake Chake kisiwani Pemba lilichukuliwa na Afro-Shirazi Party (ASP) kwa kura moja. Viti vyote vilikuwa 22. ASP ilipata 10, Zanzibar Nationalist Party, ambayo watu waliiita Hizbu, ikapata 9, na Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP) ikapata 3. Wajumbe watatu wa ZPPP wakagawanyika: wawili wakaenda kwa Hizbu, mmoja kwa ASP. Ikawa 11 kwa 11, na serikali haikuweza kuundwa. Kiti cha 23 kikaongezwa, uchaguzi ukarudiwa Juni, na fujo zilizoanza siku ya kupiga kura, tarehe 1 Juni, zikaondoka na roho za watu 68.

Tuseme mpiga kura mmoja wa Chake Chake angeiacha ASP akaichagua Hizbu. Hizbu ingekuwa na viti 10, ingeongezewa wawili wa ZPPP, na serikali ingeundwa mwezi uleule kwa 12 dhidi ya 10. Uchaguzi wa Juni usingekuwapo. Kuhusu yale ambayo yangefuata mwaka 1963 na 1964, kila aliyesoma historia ya Zanzibar ana lake la kusema, na mijadala hiyo haina mwisho. Mimi nina swali jingine, ambalo mwanzoni laweza kuonekana dogo: katika Zanzibar hiyo ya pili, mwaka 1975, saa mbili za usiku, televisheni ingeonesha nini?

Nadai kwamba swali hili lina uzito kuliko lile la nani angekalia kiti cha enzi. Anayebuni historia mbadala ya viongozi anaweza kuandika kurasa mia bila kuingia jikoni mwa mtu yeyote. Anayebuni kipindi cha televisheni hana njia hiyo. Lazima aamue wahusika wanavaa nini, wanazungumza lahaja gani, chumvi inauzwa na nani, mtumishi wa nyumba ametoka wapi, nani anachekwa na nani hachekwi, na fedha za kununulia kamera zimetoka katika jasho la nani. Kila uamuzi kati ya hayo ni dai la kihistoria, na kila dai linaweza kupimwa kwa ushahidi.

Nchi nyingine zimekwisha kuitumia njia hii. Mwaka 2004 Kevin Willmott wa Marekani alitoa C.S.A., filamu inayojifanya kuwa makala ya televisheni katika nchi ambayo majimbo ya Kusini yalishinda vita na utumwa haukukomeshwa. Hoja yake kubwa imo katika matangazo ya biashara yanayokatiza makala hayo, kwa sababu mwishoni mtazamaji anaambiwa kwamba baadhi ya bidhaa hizo za kudhalilisha ziliwahi kuuzwa kweli katika Marekani halisi. The Man in the High Castle, tamthilia iliyoanza kuoneshwa 2015 kutokana na riwaya ya Philip K. Dick ya 1962, iliendelea hatua nyingine. Katika riwaya, watu walioshindwa vita husoma kwa siri kitabu kinachoeleza dunia ambayo wangeshinda. Katika tamthilia kitabu hicho kimegeuzwa kuwa mikanda ya filamu. Watungaji walielewa kwamba historia ambayo haikutokea huaminika zaidi inapoonekana kwa macho, na hapo ndipo ilipo nguvu yake na hatari yake pia.

Visiwani petu hatari hiyo tuliionja kabla ya kuipata nguvu. Zanzibar iliyojulikana na watazamaji wa dunia kwa miongo mingi ilibuniwa na wengine. West of Zanzibar ya 1928, iliyoongozwa na Tod Browning, na Road to Zanzibar ya 1941, ya Bob Hope na Bing Crosby, zote zilitengenezwa California, na watengenezaji wake hawakuhitaji kutia nanga Malindi wala Mkoani. Kisha mwaka 1966 Waitaliano Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi wakatoa Africa Addio, yenye picha zilizopigwa kutoka angani wakati wa Mapinduzi ya Januari 1964. Picha zile ni ushahidi mzito, lakini zimewekwa ndani ya filamu yenye dharau kwa Afrika nzima. Watu wanaoonekana chini hawana majina, hawana sauti, na mtazamaji hajui kesho yake waliamkia wapi.

Kwa upande wa watazamaji, watu wa pwani hawakuwahi kukaa mbele ya sinema mikono mitupu. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha 2018, ameeleza jinsi filamu za Kihindi zilivyozungumzwa na kusimuliwa upya majumbani baada ya onyesho, na jinsi Awara ya Raj Kapoor ya 1951 ilivyoingia katika mijadala ya mapenzi na ndoa. Watunzi wa taarabu walichukua mahadhi ya filamu hizo wakayatilia maneno yao. Dar es Salaam, katika vibanda vya video, marehemu Lufufu alisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, akiongeza, akipunguza na kuwapa wahusika tabia ambazo mwandishi wa asili hakuziwazia. Kenya wanaye DJ Afro, na Uganda kazi hiyo ina mabingwa wake. Kwa hiyo kuibadili hadithi ya skrini ili izungumze na watu wa hapa ni sanaa tuliyo nayo. Kinachokosekana ni kuielekeza kwenye historia yetu wenyewe, na kuifanya kwa nidhamu.

Nianze na fedha, maana televisheni haiwashwi bila fedha. Aprili 1872 kimbunga kiliing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba ikiwa imesimama. Tangu hapo Pemba ikawa ndicho kisiwa cha karafuu. Miaka mia moja baadaye karafuu ilikuwa bado ndiyo inayoiletea Serikali ya Mapinduzi sehemu kubwa ya fedha za kigeni, na bei ya dunia ilikuwa nzuri. Mwanzoni mwa 1974 Televisheni Zanzibar (TVZ) ikaanza kurusha matangazo kwa rangi, ya kwanza ya rangi katika Afrika kusini mwa Sahara. Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994 ndipo ikapata kituo cha televisheni. Studio za TVZ zilikuwa Unguja. Aliyepanda mkarafuu Wawi au Mtambwe, aliyeanika, aliyepeleka gunia kituoni na kupokea bei iliyopangwa na serikali, ndiye aliyechangia kununua ile kamera. Naliandika hili kwa uchungu, kwa sababu historia ya utangazaji Zanzibar huelezwa kama historia ya Mji Mkongwe na Ng'ambo peke yake.

Sasa ile kura moja. Nimebuni tamthilia ya mwaka 1975 katika Zanzibar ya pili na kuipa jina Msimu. Nyumba iko Wawi, nje kidogo ya Chake Chake. Bibi mwenye mikarafuu ana watoto wawili waliopigia vyama tofauti mwaka 1961, na mmoja wao huamini mpaka leo kwamba kura iliyoamua ilikuwa ya nduguye. Usiku wanawake wamezunguka jamvi wakichambua karafuu, wakiyatenga makonyo, na mazungumzo ya jamvi hilo ndiyo uti wa mgongo wa kila sehemu. Wachumaji wanalipwa kwa pishi, na miongoni mwao wamo waliotoka bara. Katika sehemu ya nne anatokea fundi wa ujenzi kutoka Uganda ambaye amekaa Pemba miaka kadhaa na hana mtu wa kumsikiliza. Mtazamaji wa Zanzibar yetu atamtambua John Okello, aliyefika Pemba 1959 na kuhamia Unguja 1963, mwaka mmoja kabla sauti yake haijasikika redioni akijiita Field Marshal. Katika Zanzibar ya pili huenda asingepata nafasi ile. Huenda angeipata mapema zaidi. Mwandishi wa tamthilia analazimika kuchagua, na kuchagua kwake kutaonesha anaamini nini juu ya chanzo cha Mapinduzi: mtu mmoja, chama, au hasira ya miaka mingi.

Nilipofika kwenye bei ya karafuu, tamthilia yenyewe ilinifundisha. Nilidhani serikali tofauti ingempa yule bibi bei tofauti. Lakini chama cha wakulima wa karafuu, Clove Growers' Association, kiliundwa 1927, na sheria ya 1937 ikakipa mamlaka juu ya biashara hiyo kiasi kwamba wafanyabiashara wa Kihindi walisusia karafuu za Zanzibar. Mkono mmoja kuishika biashara ya karafuu lilikuwa jambo la kikoloni kabla halijawa la kimapinduzi. Serikali yoyote ambayo ingepatikana 1961 ingeurithi utaratibu huo, na ingekuwa na kila kishawishi cha kuuendeleza. Vilevile Indonesia ingejitosheleza kwa karafuu zake na bei ingeporomoka miaka ya 1980, hata kama Chake Chake ingepiga kura namna gani. Yule bibi wa Wawi angelalamika jamvini kwa maneno yaleyale. Hii ndiyo faida ya kitaaluma ninayoitetea: kipindi cha kubuni kinatenganisha yale yaliyoning'inia kwenye kura moja na yale ambayo kura isingeyagusa.

Lahaja nayo iko katika kundi hili la pili. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa 1928, na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi 1930. Wapemba wa Msimu wangetakiwa kuzungumza kama watu wa Mjini. Ili Kipemba kisikike kikitumiwa na mhusika mwenye heshima, bila kuwa kichekesho, ingebidi kubadili tukio la miaka zaidi ya thelathini kabla ya kura ile.

Pingamizi kubwa nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema historia mbadala ya Zanzibar ni mlango wa nyuma wa kuurudisha usultani, burudani ya walioondoka wakaenda kuishi Maskati na Uingereza, na kwamba inakiuka heshima ya Mapinduzi. Wasiwasi huo una msingi. Ni rahisi mno kutengeneza Zanzibar ya pili yenye bustani na taarabu, ambamo kila mtu ametosheka. Jibu langu ni sharti moja nisilolilegeza: kila filamu ya historia mbadala iwaoneshe kwa ukamilifu wale ambao wangeshindwa katika historia hiyo. Julai 1963 ASP ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote na viti 13 kati ya 31, huku Hizbu na ZPPP zikiunda serikali ya Mohammed Shamte, mtu wa Pemba, kwa viti 18. Watu wale hawatoweki kwa sababu mwandishi amebadili matokeo ya Chake Chake. Tamthilia isiyo na nafasi ya manung'uniko yao ni propaganda, hata ikipigwa picha vizuri namna gani. Sharti hilohilo linamfunga anayebuni Mapinduzi yenye mafanikio matupu.

Wengine wanauliza kwa nini tubuni yasiyotokea wakati yaliyotokea hayajapigwa picha. Miaka iliyofuata Mapinduzi, ambayo Pemba inakumbukwa kama siku za bakora, inasubiri filamu yake. Inasubiri pia safari ya zaidi ya watu 2,000 waliokimbilia Shimoni, Kenya, baada ya maandamano ya Januari 2001 kuzimwa kwa nguvu. Hata Mkama Ndume, mtawala wa kale wa Pemba, na ngome yake ya Pujini wamebaki kwa wachimbaji wa mambo ya kale na wasimuliaji. Nakubali deni hilo. Lakini nadhani njia hizi mbili zinasaidiana. Mzee akiulizwa moja kwa moja juu ya mwaka 1964 anaweza kunyamaza, na ana haki hiyo. Akisomewa onyesho la kubuni atasema hapa si hivyo, gari halikupitia njia hiyo, mtu yule asingethubutu kusema maneno yale. Marekebisho yake ndiyo historia tunayoitafuta, na yanastahili kurekodiwa kwa idhini yake.

Hazina ya maandishi ipo. Adam Shafi aliandika Vuta N'kuvute, na mwaka 2021 Amil Shivji akaionesha Toronto kama filamu. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla alikuwa tayari mpelelezi maarufu TVZ ilipozaliwa. Siri ya Sifuri, mojawapo ya hadithi zake, ilitoka mwaka uleule wa 1974. Rashidi Kawawa aliigiza katika Muhogo Mchungu mwaka 1952, na miaka kumi baadaye alikuwa waziri mkuu wa Tanganyika. Kipaji hakikupungua upande huu wa bahari wala ule.

Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina kampasi Mchangamdogo, Pemba. Tamasha la filamu la ZIFF lipo tangu 1998, na Shirika la Utangazaji Zanzibar (ZBC) limerithi kumbukumbu za TVZ. Naomba taasisi hizi tatu zikae pamoja na kuwapa vijana wa Pemba kazi moja ya kuanzia: waandike sehemu ya kwanza ya tamthilia inayoanza Chake Chake, Januari 1961, usiku wa kuhesabu kura, kisha waisome mbele ya wazee waliokuwa hai siku ile. Wazee hao wanapungua kila mwaka.