Wabishnoi na Miti ya Marwar

Katika nchi ya Marwar, magharibi mwa Bara Hindi, ambako jangwa la Thar limetandaza mchanga wake na mvua huja kwa uchache, pengine isije kabisa, alizaliwa mwaka 1451, katika kijiji cha Pipasar, Jambheshwar, ambaye ujana wake aliupitisha katika kuchunga ng'ombe. Mwaka 1485 aliwakusanya wafuasi wake, ambao ndio Wabishnoi, juu ya kilima cha mchanga cha Samrathal, akawapa amri 29. Baadhi yake zahusu usafi wa mwili, ibada ya Vishnu na kujiepusha na ulevi, na nyingine zimeharimisha kukata mti mbichi na kuua mnyama. Kwamba roho moja imeenea katika viumbe vyote, wanazuoni wa Kihindu walikwisha kulinena tangu kale. Fadhila ya Jambheshwar, kwa rai yangu, ni kuifanya itikadi hiyo kuwa sheria ya mkulima wa uwele.

Wala sheria hiyo haikukosa hekima ya dunia. Mti wa khejri, ambao mizizi yake huzama mbali kutafuta maji, huwalisha ngamia na mbuzi kwa majani yake, huwapa watu maganda ya kupikia kitoweo, na mazao yaliyo karibu nao husitawi; basi autemaye hukata riziki ya jirani zake pamoja na yake. Hata maiti wao Wabishnoi huwazika, kinyume cha ada ya Wahindu wengi, wasije wakateketeza kuni.

Mwaka 1730 Abhai Singh, Maharaja wa Jodhpur, alitaka kuni za kuchomea chokaa ya kujengea kasri, na watu wake wakaenda na mashoka hadi kijiji cha Khejarli. Wabishnoi husimulia kwamba mwanamke aitwaye Amrita Devi aliukumbatia mti, akauawa palepale, na binti zake watatu wakamfuata. Kisha wakaja watu wa vijiji vya jirani, wake kwa waume, kila mmoja akashika mti wake, hata waliouawa wakatimia 363. Habari ilipomfikia Maharaja, aliamuru ukataji ukome, akapiga marufuku kukata miti na kuwinda katika vijiji vyao.

Mwaka 1973, wanavijiji wa Himalaya walipoanza kuwazuia wakata miti kwa kuikumbatia, harakati yao, Chipko, ilisifiwa duniani kote kana kwamba ni jambo jipya. Ilhali watu wa Khejarli walikuwa wamekwisha kulifanya miaka 243 kabla yao, na kwa gharama iliyo kubwa zaidi.